Chai ikimwagikia kompyuta: usiiwashe, wala mtoto usimchape

Ilikuwa asubuhi ya likizo ya Juni, Nkololo, wilayani Bariadi. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani. Mimi nilikuwa nje nikimsaidia bibi jirani kugeuza michembe aliyoianika juu ya jabali. Ndani ya nyumba, mezani, kulikuwa na kompyuta mpakato ya dada ikiwa kwenye chaji, kikombe cha chai ya maziwa, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa akitazama katuni.

Hatukusikia kelele yoyote. Dada aliporudi alikuta meza imepanguswa, kikombe kimeoshwa na kompyuta imefungwa vizuri. Mtoto hakuwepo. Dada akaifungua kompyuta na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Taa ndogo ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Safari hii kibodi ikatoa harufu ya maziwa yaliyoungua.

Mpwa wangu tulimkuta nyuma ya banda la kuku. Kabla hatujamuuliza akaanza kulia. Chai ilikuwa imemwagika karibu saa nzima kabla. Aliipangusa kwa fulana yake, kompyuta ikazimika yenyewe, akaiwasha mara tatu kuona kama bado ni nzima. Ilipogoma, akaifunga na kukimbia.

"Mama mdogo, nilijua nitachapwa," aliniambia.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na maazimio ya kazi na mitihani ya darasa la nne, lakini si hivyo vilivyomliza dada. Kilichomliza ni sauti ya marehemu mama yetu. Mwaka wake wa mwisho, dada alimrekodi akisimulia hadithi kwa Kisukuma, akicheka katikati ya maneno kama alivyozoea. Nakala nyingine hatukuwa nayo popote.

Mimi huandika habari za afya. Kazi hii imenifundisha kwamba katika ajali nyingi, kinachofanyika katika dakika chache za mwanzo ndicho huamua mwisho wake. Siku ile nilijifunza kwamba hata kompyuta ni hivyo hivyo. Nilijifunza pia kwamba dakika zile mara nyingi huwa mikononi mwa mtu mdogo kuliko wote nyumbani, na anachokifanya hutegemea anavyotuogopa.

Kwanza mtoto, kisha mashine

Kinywaji cha moto kikimwagika, macho ya mzazi hukimbilia kwenye kitu cha gharama. Yazuie. Mtazame mtoto kwanza: mikono, tumbo, mapaja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na chai ambayo wewe ungeivumilia inaweza kumuunguza vibaya.

Akiwa ameungua, mvue nguo iliyolowa, isipokuwa ile iliyoganda kwenye ngozi. Mwagie maji safi ya kawaida, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia jagi na ndoo, maji yaendelee kutiririka taratibu juu ya sehemu iliyoungua. Usipake dawa ya meno, asali, unga wala yai. Malengelenge yakitokea, au kama ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo kubwa, mpeleke kituo cha afya.

Baada ya mtoto, fuata umeme. Umeme wa ukutani hapa nchini ni volti 230, na huo unaua. Chaja huupunguza hadi kama volti 19 au 20 kabla haujafika kwenye kompyuta. Kwa hiyo hatari kubwa kwa binadamu ipo ukutani, kwenye chaja na kwenye ule waya wa matundu mengi ambao wengi wetu huuacha sakafuni. Zima swichi ya ukutani kwanza, mikono ikiwa mikavu na viatu miguuni, ndipo uchomoe. Kama chai imefika kwenye soketi au kwenye waya huo, usiuguse. Nenda ukazime swichi kuu ya nyumba.

Dakika tano za mwanzo

Mtoto akiwa salama na umeme umekatwa, sasa ishughulikie mashine. Fuata mpangilio huu:

1. Ikiwa bado inawaka, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kumi hivi mpaka izime kabisa. Usihangaike kuhifadhi kazi uliyokuwa ukiifanya. Ukurasa mmoja uliopotea utauandika tena.

2. Chomoa kila kitu kilichochomekwa: chaja, flashi, kipanya, kadi ya kumbukumbu.

3. Kama betri yake ni ya kutoka nje, zile za zamani zenye vibanio viwili chini, itoe. Kompyuta nyingi za sasa zina betri iliyofungiwa ndani kwa skrubu. Kama hujawahi kuifungua, si siku ya kujifunza.

4. Pangusa juu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Gusa na kunyanyua. Usisugue, usibonyeze vitufe na usiitikise, kwa sababu ukifanya hivyo unayasukuma majimaji yaende ndani zaidi.

5. Ifungue na uigeuze kichwa chini, isimame kama paa la nyumba, kibodi na kioo vikitazama chini juu ya taulo. Majimaji yatatoka kwa njia ile ile yaliyoingilia, badala ya kuzama kwenye bodi iliyo chini ya kibodi.

6. Andika kwenye simu: ni kinywaji gani, kiasi gani, saa ngapi, na kompyuta ilikuwa imewashwa au la. Fundi atakuuliza hayo.

7. Usiiwashe, wala usiiweke kwenye chaji.

Hiyo ya saba ndiyo ngumu kuliko zote. Kila mtu anataka kuhakikisha. Mpwa wangu alihakikisha mara tatu, na dada yangu, mwenye shahada, akahakikisha mara mbili.

Kwa nini kuhakikisha ndiko kunakoua

Wengi tunaamini maji ndiyo huua kompyuta. Ukweli ni kwamba maji peke yake, kwenye mashine isiyo na umeme, mara nyingi husamehe. Kinachoua ni maji na umeme kukutana.

Bodi kuu ya kompyuta ina njia nyembamba za shaba, zimepangwa karibu karibu sana. Kila njia hupeleka umeme mahali pake. Maji ya kisima yana chumvichumvi, na chai ya maziwa pia inazo, na chumvi hizo hupitisha umeme. Ukiwasha kompyuta iliyolowa, umeme hupata njia ya mkato na kufika mahali ambapo haukutakiwa kufika. Vifaa vidogo huungua kwa kufumba na kufumbua.

Hata kama hakuna kilichoungua palepale, shaba iliyolowa huku umeme ukipita huanza kuliwa. Ukifungua mashine ya namna hiyo utaona ukungu wa kijani au mweupe, kutu ya shaba. Ndiyo maana kuzima peke yake hakutoshi. Betri ikiwa bado imeunganishwa, sehemu fulani za bodi hubaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa. Saa zinavyopita, kutu huendelea kimya kimya. Hii pia ndiyo sababu ya kompyuta kuwaka vizuri siku ya pili, familia ikashangilia, halafu ikafa baada ya wiki tatu.

Kuna jambo lingine kuhusu chai yetu. Maji yakikauka huacha kidogo sana nyuma yake. Sukari huacha gundi, na maziwa huacha mafuta na utando unaovuta unyevu. Soda na juisi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kama ni maji matupu yaliyomwagika kidogo na ulizima haraka, kukausha kunaweza kutosha. Kama ni chai ya maziwa yenye sukari, kukausha ni nusu ya kazi. Lazima mashine ifunguliwe na kusafishwa.

Mchele, jua na joto

Siku ile hatukukosa washauri. Jirani mmoja alileta sufuria la mchele. Mwingine akasema tuiweke juani, kwa sababu jua la Simiyu mwezi wa sita halina mzaha. Kijana mmoja alipendekeza mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni.

Tuanze na mchele. Mchele mkavu hunyonya unyevu kidogo, lakini hauwezi kuvuta majimaji yaliyojificha chini ya kibodi. Unachofanya ni kuingiza vumbi la wanga na punje kwenye matundu. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya watumiaji wa iPhone wasiweke simu iliyolowa kwenye mfuko wa mchele, kwa sababu chembechembe za mchele zinaweza kuiharibu. Kwa hiyo mchele upikeni.

Kuhusu jua, bibi yule wa michembe alinisaidia kuelewa bila kujua. Kiazi huwa michembe kwa sababu kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinatandazwa na upepo unapita. Ukianika kiazi kizima juani, ganda litakauka na ndani kitaoza. Kompyuta iliyofungwa ni kiazi kizima. Jua litachoma plastiki, litaharibu kioo na kuipasha betri moto, huku chai iliyo chini ya kibodi ikigeuka gundi. Mashine ya nywele ina kosa lile lile, na zaidi ya hapo upepo wake husukuma majimaji ndani zaidi na joto lake linaweza kuyeyusha vitufe.

Kinachosaidia ni hewa inayotembea, kivulini, mahali pasipo na vumbi. Iache ikiwa imesimama kama paa, feni ikiipepea kwa mbali, kwa siku mbili hadi tatu. Kwa maji matupu, baada ya hapo unaweza kujaribu kuiwasha. Kwa chai, soda, juisi au uji, usisubiri siku hizo nyumbani. Ipeleke kwa fundi mapema uwezavyo, kwa sababu kila siku inayopita ni siku ya kutu.

Ukifika kwa fundi

Sisi tulipanda gari kwenda Bariadi mjini mchana ule ule, kompyuta ikiwa imefungwa kwenye kitenge. Fundi aliifungua mbele yetu. Chini ya kibodi kulikuwa na madoa ya rangi ya chai, na kando ya sehemu ya kuingizia chaji palikuwa pameungua, pameusi. Alisema kwamba chai peke yake isingefanya vile, ni kuwasha. Dada akatazama pembeni.

Mambo matano ya kuzingatia kwa fundi:

Sema ukweli wote. Ukisema "imezima tu yenyewe", atapoteza muda kutafuta tatizo mahali ambapo halipo, na anaweza kuiwasha ikiwa imelowa. Baadhi ya mashine zina kibandiko kidogo ndani ambacho hubadilika rangi kikilowa, kwa hiyo utajulikana tu.

Muulize atasafisha kwa nini. Kinachofaa ni spiriti safi isiyo na maji mengi, ile ya asilimia 90 na kuendelea, betri ikiwa imetolewa. Kitakasa mikono hakifai kwa sababu kina vitu vya kulainisha ngozi ambavyo hubaki kwenye bodi. Spiriti hushika moto haraka na mvuke wake huumiza kichwa, hivyo kazi hiyo haifanywi karibu na jiko la mkaa wala kwenye chumba alicholala mtoto.

Mwambie unachokithamini zaidi: mashine au vilivyomo. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mara nyingi bodi hufa lakini diski inayohifadhi mafaili ikabaki nzima, na kwenye kompyuta nyingi diski hiyo hutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Katika baadhi ya zile nyembamba za kisasa imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hapo kazi huwa ngumu. Usikubali diski ifutwe au kuwekewa programu upya kabla mafaili hayajatolewa.

Kubaliana bei kabla. Mwombe akague kwanza, akuambie gharama, ndipo uamue. Wakati mwingine kibodi pekee ndiyo imekufa, na kibodi hubadilishwa. Kama mashine bado ina waranti, soma masharti yake, ila ujue kwamba waranti nyingi hazigusi uharibifu wa majimaji.

Uliza kuhusu betri. Betri iliyovimba, inayopata moto ikiwa imezimwa au inayotoa harufu kali tamutamu haitumiki tena. Usiitoboe, usiikandamize irudi umbo lake, wala usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa. Ikianza kutoa moshi nyumbani, toa watoto nje kwanza, usivute moshi ule, na piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nitaongeza la sita, ambalo mafundi huenda wasikwambie. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya duara kama sarafu, inayotunza saa. Ikiwa mtu ataifungua mashine nyumbani, kitu hicho kisikae mezani hata dakika moja. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuanza kuunguza ndani kwa muda usiozidi saa mbili, hata kama haonyeshi dalili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali na useme wazi: amemeza betri. Skrubu ndogo nazo zikusanywe kwenye kikombe chenye mfuniko, pamoja na vile vipakti vya punje za kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Vipakti hivyo humpalia mtoto.

Saa moja tuliyoipoteza

Tukiwa njiani kurudi nilipiga hesabu. Kati ya chai kumwagika na sisi kujua ilipita saa nzima. Katika saa hiyo kompyuta iliwashwa mara tatu na mtoto, na baadaye mara mbili na mama yake ambaye hakuambiwa kitu. Kama mtoto angepiga kelele palepale, mmoja wetu angezima ukutani, na pengine tungebadilisha kibodi tu.

Hakupiga kelele kwa sababu alijua kelele ingemletea fimbo. Si kwamba aliambiwa siku ile. Alijifunza mwaka uliopita alipovunja chupa ya chai, na kabla ya hapo alipopoteza kadi ya kumbukumbu ya simu. Sisi watu wazima tulimfundisha kwamba kosa likitokea, cha kwanza ni kulificha. Akawa mwanafunzi mzuri.

Siandiki haya kumlaumu dada yangu. Nyumbani kwetu sote tulilelewa hivyo. Lakini kama mwandishi wa afya nimekutana na sura hii hii kwenye mambo mazito kuliko kompyuta: mtoto aliyemeza kidonge akanyamaza, aliyeumwa na mbwa akaficha jeraha, aliyegusa kwa mkono chupa ya dawa ya pamba akajipangusa kwenye sketi. Hofu ile ile iliyotugharimu mashine ndiyo inayoweza kutugharimu mtoto.

Jioni ile dada alikaa na mwanawe kibarazani. Hakumwambia kwamba haikuwa kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. Alimwambia kosa la chai ni la wote wawili: yeye aliacha kikombe karibu na kompyuta, mtoto alikisukuma. Kisha wakapanga sheria ya nyumba: ukimwaga, ukivunja au ukimeza chochote, unapiga kelele kwanza. Anayepiga kelele hachapwi. Anayemwaga atasaidia kupangusa, na hiyo ndiyo adhabu.

Sheria nyingine ni za watu wazima. Vinywaji havikai meza moja na kompyuta. Chaja haipiti sakafuni. Na kila Jumapili jioni mafaili muhimu yananakiliwa kwenye flashi inayokaa kabatini, na yale ya thamani sana yanahifadhiwa pia kwenye intaneti au kwenye simu ya ndugu mwingine. Nakala moja ni kama huna.

Kompyuta ile haikuamka tena. Fundi alijaribu siku nne, akatuambia bodi imekwisha. Diski ilikuwa nzima. Tulirudi na flashi mbili, moja ya dada na moja yangu, na sasa mama anacheka kwenye simu za ndugu watano.

Mwezi uliopita dada alinipigia. Mtoto alikuwa amemwaga uji mezani, pembeni ya simu mpya ya baba yake. Alipiga kelele hadi jirani wakatoka nje: "Mama, nimemwaga!" Simu ilinyanyuliwa kabla uji haujaifikia, na mtoto akaenda mwenyewe kuchukua kitambaa.